Mvua Kwanza, Mwezi Baadaye

Kila Septemba inapoingia hapa Kasongo, swali mlangoni kwangu huwa ni lilelile. Jirani anapiga hodi akiwa na kikapu cha mbegu, anaulizia hali ya nyumbani kama adabu inavyotaka, kisha analitoa: "Mama Mwalimu, mwezi unasemaje? Tupande ama tungoje?" Wananiuliza mimi kwa sababu niliwafundisha watoto wao hesabu, na kwa sababu bustani yangu ya lengalenga haikosi majani. Jibu langu wamelizoea, na leo naliandika ili nilitetee mbele ya watu wengi zaidi: mvua ikishalowesha ardhi, panda. Panda pamoja na majirani, wala usiungoje mwezi.

Najua nagusa jambo zito. Mama mkubwa aliyenilea Kabambare, Mbangubangu na mkulima hodari kuliko wote niliowahi kuwaona, alikuwa na kanuni zake, na hakuna aliyethubutu kuzivunja mbele yake. Mahindi, mpunga na maharagwe, mazao yanayozaa juu ya ardhi, aliyapanda mwezi ukiwa unakua. Karanga, viazi vitamu na muhogo vilingoja mwezi uanze kupungua. Siku zile ambazo mwezi hauonekani kabisa, jembe lilipumzika. Alikaa barazani akichambua mbegu na kusuka vikapu. Alisema mwezi unapokua huyavuta maji ya mmea kwenda juu, na unapopungua huyaacha yashuke mizizini. Chakula hakikukosekana nyumbani kwake. Kwa hiyo yeyote anayesema kwamba mambo ya mwezi ni ushirikina wa watu wa kijijini asinitafute upande wake.

Wala si ya kijijini peke yake. Pliny, Mrumi aliyekufa mwaka 79, aliwaandikia wakulima wa zama zake mashauri ya namna hiyohiyo. Juni 1924, katika kijiji cha Koberwitz, wakati huo kikiwa Ujerumani na leo kikiwa Poland, Rudolf Steiner aliwahutubia wenye mashamba juu ya nguvu za mwezi na nyota katika kilimo. Baadaye Maria Thun, Mjerumani aliyefariki mwaka 2012, alianza kutoa kalenda ya kila mwaka ya siku za kupanda mizizi, majani, maua na matunda, na kalenda hiyo inanunuliwa Ulaya mpaka leo. Mkulima wa kule mwenye trekta na mama mkubwa wangu mwenye jembe wangeelewana vizuri sana.

Lakini heshima kwa wazee hainizuii kuyapima maneno yao, maana wao wenyewe walikuwa wapimaji. Tuanze na hoja ya maji kuvutwa. Watu wa pwani wanajua kwamba bamvua huja mara mbili katika kila mzunguko wa mwezi: unapoandama, na unapokuwa mpevu. Katikati huwa maji mafu. Nyakati zote mbili za bamvua jua, dunia na mwezi huwa vimekaa katika mstari mmoja, na mvuto wa jua unaungana na wa mwezi. Basi kama mwezi ungeyavuta maji ya mmea jinsi unavyoivuta bahari, siku za giza na siku za mwezi mpevu zingekuwa na kazi moja. Kanuni ya mama mkubwa inazitenganisha: za giza hazifai kitu, zile za kuelekea mwezi mpevu ndizo bora. Tena bahari hupanda na kushuka kwa sababu ya ukubwa wake. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 650 na kina kinachopita mita 1,400, lakini mvuvi wa Kalemie haoni maji kujaa wala kupwa. Sasa lile tone lililo ndani ya punje ya mpunga litavutwa na nini?

Mwanga nao ni hivyohivyo. Mwezi mpevu tunauona mkubwa kwa sababu usiku ni mweusi. Mwangaza wake ni mdogo kuliko wa jua karibu mara 400,000. Mwaka 2020 watafiti wa Valencia, Hispania, walipitia maandishi ya sayansi juu ya mwezi na mimea, wakaona hakuna ushahidi wa kutegemewa unaowatosha wakulima. Tusifunge mlango kabisa: mwaka 2015 watafiti wa Sweden waliandika juu ya kichaka kimoja cha nchi za Mediterania ambacho hutoa matone yake ya uchavushaji mwezi unapokuwa mpevu. Dunia ina maajabu mengi. Ila kichaka hicho hakilimwi Kasongo, na hakijazwi sufuriani.

Muhogo ndio unaonipa uhakika kuliko vitabu. Kijiti cha muhogo unachokichomeka ardhini leo kitakaa humo karibu mwaka mzima, pengine na zaidi. Kitapitiwa na mwezi mchanga na mwezi mpevu mara kumi na mbili. Siku moja ya kupanda itaamuaje mambo yote hayo? Hata hivyo mtu akiona majani ya muhogo wake yamejikunja na kuwa na madoa ya njano, husikii akisema jambo jingine: "Nilipanda mwezi mbaya." Huo si mwezi, ni batobato, ugonjwa ambao monita wa kilimo huuita mozaiki. Unasambazwa na inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani, na unasambazwa zaidi na sisi wenyewe tunapokata vijiti kwenye shina linaloumwa na kumpelekea ndugu wa Kabambare kama zawadi. Huo mwezi tunaousingizia unatuzuia tusilitazame shina tunalokata. Hapo ndipo imani isiyo na ubaya inapoanza kutunyima chakula.

Hata hivyo kuna kazi ambazo mwezi unazitawala kweli, na ni lazima nizitaje kwa sababu nazo ni za tumbo. Ndagala wanaotufikia kutoka Baraka na Kalemie, wale wakavu wanaokuja kwa magunia juu ya baiskeli za kusukumwa, wanavuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linaangaza, ndagala hawakusanyiki tena chini ya taa, na wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu kwa siku kadhaa. Mama anayeuza sombe na ndagala sokoni Kasongo anaisikia hali hiyo katika bei baadaye. Shambani pia: panya wa porini hujificha zaidi kukiwa na mbalamwezi, kwa kuogopa bundi na wawindaji wengine, na hutoka kwa ujasiri usiku wa giza. Mwenye muhogo unaokomaa anajua ni usiku upi wa kulala kibandani shambani, na ni usiku upi wa kulala na watoto nyumbani.

Jambo kubwa zaidi sikulisoma popote. Nililiona kwenye mpunga.

Mpunga wetu ni wa nchi kavu. Tunafyeka, tunachoma, tunapanda katikati ya visiki, na tunaitegemea mvua peke yake. Adui wake mkubwa ni minana. Punje zinapoanza kujaa maziwa, kabla hazijakauka, ndege hao wanashuka kwa makundi; mmoja hukamata suke kwa mguu, analikamua punje baada ya punje, na anapoondoka suke linabaki limesimama wima, jepesi, na maganda yake meupe. Suke zuri huinama. Ukiingia shambani asubuhi ukaona yamesimama, hesabu yako imekwisha. Watoto wanatolewa shule kukaa juu ya kichanja na kupiga debe na kurusha mawe kuanzia alfajiri hadi magharibi, na bado ndege wanapata sehemu yao.

Sasa angalia. Shamba lililopandwa peke yake, mapema au kwa kuchelewa, huiva peke yake. Minana wote wa eneo hilo wanakutana pale. Lakini kijiji kizima kikipanda ndani ya wiki moja, mashamba yote yanaiva pamoja, ndege ni walewale, na matumbo yao yana mwisho. Kila mmoja anapoteza kidogo, hakuna anayepoteza yote. Na kijiji kitapandaje ndani ya wiki moja kama hakina redio, hakina simu, na nyumba zimetawanyika kutoka mto mmoja hadi mwingine? Kwa kutazama kitu ambacho kila mtu anakiona kwa macho yake jioni ileile. Mzee anasema, "Mwezi huu ukiandama, tunapanda." Hahitaji mjumbe.

Hiyo ndiyo nguvu ya mwezi ninayoiamini. Mbegu haina habari nao, ila watu wanayo. Mama mkubwa wangu alikuwa na chakula kwa sababu alipanda siku moja na majirani zake, alichambua mbegu wakati wa kupumzika, na hakuwahi kulala msimu ukaanza bila yeye.

Wazee wetu Waungwana, wale wenye desturi za pwani, nao waliutenga mwezi na shamba. Hapa Kasongo palipokuwa mji wa Tippu Tip na mwanawe Sefu, bustani zilisifika. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyeingia mjini na jeshi la Wabelgiji Aprili 1893, aliandika kwa mshangao juu ya machungwa, mapera, makomamanga na mananasi aliyoyakuta. Walioyapanda walikuja na desturi za pwani, na mpunga tunaokula leo ni urithi wa safari zao. Waliufuata mwezi kwa saumu, Idi na Maulidi. Kule pwani, kilimo na safari za jahazi zilihesabiwa kwa mwaka mwingine, mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumikumi na siku tano za kumalizia. Makunduchi kule Unguja bado wanauadhimisha kila Julai, kwa Mwaka Kogwa. Na kwa Mwislamu kuutenga mwezi na shamba si jambo la kushangaza, maana Kurani yenyewe imeueleza mwezi kuwa ni kipimo cha nyakati kwa ajili ya watu na hija.

Hesabu yake niliwafundisha watoto ubaoni. Miezi kumi na miwili ya mwandamo ni siku 354. Mwaka wa jua ni siku 365 na robo. Kila mwaka tarehe ya mwezi mwandamo inarudi nyuma siku 11 hivi. Anayesema "mimi hupanda mpunga Mfungo Mosi" atajikuta baada ya miaka michache anapanda katikati ya kiangazi cha Juni hadi Agosti, ardhi ikiwa imepasuka. Ramadhani inazunguka misimu yote kwa miaka 33 hivi, na mwaka 2030 itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kwa muuza mboga hiyo ni habari ya kuandika ukutani. Mji huu una Waislamu wengi. Futari inataka majani, nyanya na ndizi kila jioni. Atakayehesabu nyuma kuanzia mwandamo wa Ramadhani na kupanda kwa wakati atauza. Huo nao ni ukulima wa mwezi, na ninauunga mkono.

Najua pia kwa nini ndugu zangu wengi wanaushikilia mwezi kwa ukaidi. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilianza kulazimisha pamba hapa Maniema. Pamba, na mpunga wa kuuza pia, vilikuja na tarehe zake: tarehe ya kufyeka, tarehe ya kupanda, eneo la kila mwanamume lililopimwa kwa kamba, na faini, jela au mjeledi kwa aliyechelewa. Agronomu alileta kalenda ya ofisini, na shamba la chakula lilisubiri. Mwezi ndiyo kalenda pekee ambayo mkubwa yule hakuweza kuichukua kutoka kwa bibi zetu. Kwa hiyo leo kijana wa kilimo anapofika kijijini na karatasi ya tarehe, akacheka maneno ya wazee juu ya mwezi, asishangae wakimkaribisha kiti, wakampa ndizi, na wakapanda wanavyojua wao.

Akinitaka ushauri, nitampeleka kwenye lengalenga. Mbegu zake ni ndogo mno, ukizimwaga peke yake zinajaa mahali pamoja. Nazichanganya na majivu au mchanga mkavu, natawanya kwa vidole kwenye tuta lililosawazishwa, nafunika kwa udongo kidogo sana, namwagilia kwa bidoni niliyoitoboa matundu madogo ili maji yasizifukue. Siku ya tatu hadi ya tano zinaota. Kati ya wiki ya tatu na ya nne unang'oa, unafunga mafungu, unapeleka sokoni. Jirani zangu hupanda matuta yote kwa pamoja, wanauza mengi kwa bei ya chini kwa sababu kila mtu anauza, kisha wanakaa wiki nyingi bila kitu. Mimi napanda tuta moja mwezi unapoandama, na jingine unapokuwa mpevu. Majani ya mwezi mpevu hayapitwi utamu na yale ya mwandamo. Faida ni kwamba mwezi unanikumbusha, na kila baada ya wiki mbili nina kitu cha kung'oa. Bila daftari, bila simu. Mama asiyejua kusoma anaweza kuifuata ratiba hiyo maisha yake yote.

Ubaya unaanza pale mwezi unapotunyima mvua. Mpunga unataka karibu miezi minne. Mvua ikianza vizuri leo na wewe unangoja mwandamo ulio wiki tatu mbele, umetupa karibu sehemu moja kwa sita ya muda wa zao lako. Na mvua za siku hizi hazina subira: zinafungua kwa kishindo, zinanyamaza, zinarudi. Anayepanda kwa kuchelewa, mpunga wake unatoa maua wakati mawingu yamesita, na suke linabaki tupu bila hata ndege kuligusa. Huko Kabambare, ambako watu wamekimbia mashamba ya mbali mara nyingi kwa sababu ya wenye silaha na wanalima vipande vidogo karibu na nyumba, msimu mmoja uliopotea hauna wa kuufidia.

Pendekezo langu ni jepesi na halihitaji mfadhili. Chukua kopo tupu la maziwa lenye kuta zilizonyooka, uliweke uani mbali na miti na paa. Kila asubuhi ipime mvua kwa rula ya mtoto wa shule, kisha ulimwage. Kopo likipata sentimita mbili ndani ya siku moja au mbili, chimba: udongo ukiwa umelowa kupita urefu wa kiganja chako, wakati wa mbegu umefika. Kama mwandamo au mwezi mpevu uko ndani ya siku chache, vizuri, tangazeni hiyo iwe siku yenu na mpande pamoja. Kama uko mbali, machifu na wakubwa wa vijiji watangaze siku wenyewe, maimamu waitaje baada ya sala ya Ijumaa na makasisi baada ya misa ya Jumapili, na redio zetu ziisome asubuhi na jioni. Tunachohitaji kutoka kwa mwezi ni ule umoja wa kupanda, na umoja huo tunaweza kuuitisha hata mbingu zikiwa na mawingu.

Na kwa wale wanaogawa mbegu za msaada: zileteni Agosti. Mbegu inayofika Desemba, baada ya mihuri na vikao na barabara kukatika, haisaidiwi na mwezi wala na kopo. Watu wataila, na watakuwa na haki.